Moshi wa Rangi ya Kutu

Deodatha alitunza maabara ya shule moja ya sekondari huko Kanoni kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo hakuna aliyemwita mwalimu. Alikuwa mama wa maabara tu. Aliosha chupa, alichanganya asidi kabla ya mitihani, na alifunga kabati kwa ufunguo aliouvaa shingoni kama rozari. Walimu walikuja vijana wakaondoka na mvi, na kila mmoja alimwachia maarifa yake kidogo bila kujua. Alipostaafu alirudi Mabira, kwenye kibanja cha marehemu baba yake, akawa anapalilia migomba na kuchuma kahawa kama wenzake.

Jambo moja la Kanoni halikumtoka kichwani. Mwalimu mmoja, Cassian, aliangusha chupa kubwa ya asidi ya nitriki stoo. Alideki mwenyewe huku moshi wa rangi ya kutu ukimzunguka, akatoka akikohoa kidogo, akanywa chai, akataniana na wenzake. Kesho yake walimkuta kitandani hawezi kuvuta pumzi. Alilazwa wiki tatu. Deodatha ndiye aliyempelekea uji, na daktari akamweleza: moshi ule hauui palepale. Unaingia mapafuni, unatulia. Mtu anatembea, anakula, anacheka. Kisha mapafu yanajaa maji.

Siku lori lilipoanguka Mabira ilikuwa siku ya gulio, kama saa nne asubuhi. Deodatha alikuwa anaanua kahawa aliposikia kishindo huko mteremkoni, halafu mayowe. Alipofika, nusu ya kijiji ilikuwa imeshamtangulia. Lori lilikuwa limelala ubavu mtaroni, na mapipa meupe ya plastiki yamesambaa hadi kwenye migomba ya jirani. Mengine yalikuwa yamepasuka. Watu walikuwa tayari na madumu.

"Ni spiriti!" mtu mmoja alipiga kelele. "Njooni na vyombo!"

Deodatha hakuhitaji kusogea. Kwenye pipa lililokuwa karibu naye aliona kibandiko cha pembe nne chenye mchoro wa matone yakidondokea mkono na chuma, mkono umeliwa. Kibandiko hicho alikuwa amekifuta vumbi kwa miaka ishirini na sita. Na mahali ambapo majimaji yale yaligusa vyuma vya lori, moshi ulikuwa unaanza kupanda, wa rangi ya kutu.

"Acheni! Hiyo ni asidi!" alipaza sauti ambayo hakujua kama bado anayo. "Pandeni juu, wote! Upepo unateremka bondeni, msikae huko chini!"

Walimtazama. Wachache walipanda. Benjamin, fundi baiskeli, alikuwa ameshatumbukiza mikono yote miwili kujaza dumu lake, na sasa alikuwa anaruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Deodatha alimkimbilia, akamvuta hadi kwa mama muuza chai, akamwagia ndoo nzima ya maji, kisha nyingine, na nyingine. Ngozi ya mikono ilikuwa imegeuka njano kama iliyopakwa manjano ya pilau.

"Nipake maziwa, mama, nakufa!"

"Maziwa hapana, dawa ya meno hapana. Maji tu. Mwagieni msiache, hata akiomba muache."

Aliwaachia ndoo wanawake wawili, akageukia jambo la pili. Chini ya mteremko kulikuwa na chemchemi, na kijiji chote kilichota hapo. Alimwona Uwiduhaye, mama mmoja wa familia zilizotoka Rwanda zamani, amesimama na jembe begani.

"Mwanangu, kimbia chemchemini, zungukia kwenye migomba, usipite njia ya moshi. Mtu yeyote asichote maji. Na nyinyi wenye majembe, nifuateni, tuchimbe tuta hapa juu, hii kitu isiteremke."

Wanaume sita walimfuata. Walichimba haraka, wakarundika udongo, na ule mkondo wa majimaji ukageuka ukaingia kwenye shimo la zamani la matofali. Chemchemi ilipona. Hilo halikuja kusemwa na mtu yeyote baadaye.

Hapo ndipo waliposikia sauti kutoka ndani ya lori. Dereva alikuwa hai. Alikuwa anaitwa Aimable, mtu wa hapohapo Mabira, mke wake Mukashema alikuwa na kibanda cha nguo gulioni. Mguu wa Aimable ulikuwa umebanwa, na moshi ulikuwa unazunguka kichwa cha lori.

Jovin alifika na bodaboda yake wakati huo. Alikuwa mtoto wa kaka yake Deodatha. Baba yake alipokufa, Jovin akiwa na miaka tisa, shangazi huyu alimchukua Kanoni, akamlea kwenye nyumba ya watumishi nyuma ya maabara. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke, Vero, na watoto wawili.

"Shikamoo shangazi. Nani yuko ndani?"

"Aimable. Usiende." Alimshika mkono. "Nisikilize. Tuzunguke kwa juu, upepo unapotokea. Tuvunje kioo cha mbele kwa nondo, tumtoe upande ule. Tuna dakika chache, tutaweza."

"Shangazi, mtu anakufa na wewe unapiga mahesabu ya upepo?"

"Nakuomba, mwanangu. Huo moshi naujua."

Mukashema alikuwa amefika akilia jina la mumewe. Watu wote walimgeukia Deodatha, aliyekuwa amemshika kijana mwenye nguvu asimwokoe mtu. Aliona macho yao. Aliona pia kwamba Jovin ameyaona. Mkono ukamponyoka.

Jovin aliingia moja kwa moja, kwa upande wa chini, ndani ya moshi wenyewe. Alikaa huko muda ambao Deodatha aliuhesabu kwa mapigo ya moyo wake. Alipotoka alikuwa amembeba Aimable mgongoni, akikohoa, machozi yakimtoka, na mteremko mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Walimnyanyua Jovin juu. Mtu akamletea soda. Jovin alikohoa tena mara mbili tatu, akanywa, akacheka. Pikapu ya chama cha kahawa ilikuja kuwachukua Aimable na Benjamin kwenda hospitali, na nafasi ilikuwepo. Deodatha alisimama mbele ya Jovin, macho yake yamewiva mekundu kwa moshi.

"Panda gari."

"Mimi? Nina nini mimi? Kikohozi tu."

"Panda wakakuangalie. Wakuwekee oksijeni, ulale huko leo."

"Shangazi, hebu niache leo nifurahi na watu."

Ndipo aliposema, kwa sauti kubwa, kwa hofu na hasira, mbele ya watu wote: "Jovin, usipokwenda sasa hivi, kesho hutaamka!"

Jovin alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Unaniombea kifo, shangazi?"

Pikapu iliondoka bila yeye. Deodatha alimfuata nyumbani, akazungumza na Vero, akamwambia dalili za kuangalia, akaomba wapande bodaboda ya mtu mwingine kwenda hospitali jioni ile. Vero alimsikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu mzima aliyechanganyikiwa. Nje watu walikuwa wanaleta pombe ya rubisi kumpongeza mume wake. Gari la zimamoto lilifika saa kumi na moja jioni, likitokea mbali. Vijana wake walivaa barakoa, wakamwaga chokaa, wakawaambia watu wakae mbali, na watu wakakaa mbali.

Vero alipiga simu alfajiri, jogoo wakiwika. Deodatha alikwenda mbio, kanga mkononi. Jovin alikuwa ameketi kitandani ameinamia magoti, midomo imekuwa ya kijivu, povu la rangi ya waridi likimtoka puani. Hakuweza kusema. Alimtazama shangazi yake na akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali jambo lililochelewa. Walimpakia kwenye pikapu ileile. Alikata roho kabla hawajafika barabara kubwa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Deodatha.

Aimable, aliyekaa ndani ya moshi kwa muda mrefu kuliko Jovin, alipona. Mguu uliovunjika ndio uliomlaza hospitali, na walipoona pumzi inambana usiku ule wakamwekea oksijeni mara moja. Daktari alimweleza Deodatha hayo yote wodini, kwa upole, na akaongeza kwamba Jovin naye angeletwa siku ile, ingewezekana kumwokoa. Deodatha alitamani asingeongeza.

Msibani, mama yake Vero, Costansia, hakunong'ona. Alisimama uani pale wanawake wanapomenya ndizi.

"Mtu akisema kesho hutaamka, na kweli hukuamka, huyo tumwiteje? Alijuaje? Na hayo macho yake mmeyaona?"

Mama aliyekaa karibu na Deodatha aliinuka akahamia upande mwingine na kisu chake.

Deodatha alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Kashaija, kumwomba awaeleze watu. Alimsimulia ya daktari. Kashaija alimsikiliza huku anakuna goti.

"Waitu mama," alisema kwa heshima ya Kihaya, "mimi nakuamini. Lakini nikisimama kusema hayo, nitakuwa nasema Jovin alikufa kwa ubishi wake. Mkewe yupo. Watoto wapo. Aliokoa mtu. Tuache hivi."

"Na mimi?"

"Wewe umekomaa. Utavumilia."

Akavumilia. Watoto wa Jovin walikatazwa kuja kwake. Kahawa yake ilipimwa ya mwisho, na kila alipowaita, wachumaji walikuwa na dharura. Mukashema, ambaye mume wake alirudi na magongo, alimpita njiani akitazama chini. Asubuhi ya ajali alikuwa amemwona akimzuia mwokozi. Benjamin pekee ndiye aliyefika siku moja, mikono ikiwa na makovu lakini inafanya kazi, akaacha mkungu wa ndizi mlangoni wakati Deodatha yuko kanisani. Hakungoja aonekane.

Miezi minane baadaye wilaya ilileta semina ya ajali za kemikali katika darasa la shule ya msingi. Mtaalamu, mwanamke kijana mwenye miwani, alibandika picha ukutani. Deodatha alikaa dawati la nyuma kabisa, peke yake. Mtaalamu alifundisha kukaa upande upepo unapotokea, kutogusa, kumwagia aliyeungua maji mengi bila kuacha, kukinga vyanzo vya maji kwa tuta. Watu waliandika. Kashaija aliandika.

"Kuna swali?"

Vero alisimama. Alikuwa amekonda. "Mtu anaweza kuvuta moshi huo, akawa mzima, akala na watu, halafu akafa kesho yake?"

"Ndiyo, dada. Ndiyo maana aliyevuta moshi lazima apelekwe hospitali, hata kama anakataa. Mkiwa na mtu anayejua mambo haya kijijini, msikilizeni. Je, mnaye?"

Shingo hazikugeuka. Kashaija alikohoa akasema, "Hatuna, dada yangu. Ndiyo maana tunashukuru mmekuja."

Vero alikuwa bado amesimama. Aligeuka, akamtazama Deodatha kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Midomo yake ilifunguka, na Deodatha akanyanyuka nusu kutoka kwenye dawati. Kisha Costansia akamvuta binti yake kwa gauni, na Vero akaketi.

Walipotangaza chakula, wote walitoka kupanga foleni. Deodatha alisubiri darasa liishe watu, akasaini karatasi ya mahudhurio, akashika njia ya migombani kwenda kwake.