Siku Kumi na Nne Juu ya Dungu

Mwezi wa tano, mtama wa kwetu Mungaa unapoanza kubadilika rangi, ndege hushuka mashambani kama kivuli cha wingu. Ndiyo maana kila shamba lina dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na kutoka hapo kamba zenye makopo hupita juu ya masuke hadi pembeni. Mlinzi akivuta kamba, makopo hulia shamba zima na ndege huruka. Mwaka ule wa korona, shangazi yangu Evodia alihamia huko juu.

Evodia ni mhudumu wa zahanati. Kwa miaka kumi na tisa amepima watu joto, amefunga vidonda, amewashika mikono wanawake wenye uchungu. Jumatatu moja aliletwa dereva wa lori kutoka barabara kuu ya Issuna, anahema kama mtu aliyekimbizwa. Zahanati haikuwa na mtungi wa oksijeni wala kipimo cha ugonjwa ule. Evodia alimkalisha, akamwegemeza kifuani pake mpaka lilipofika gari la kumpeleka mjini. Barakoa yake ya kitenge ililowa jasho la watu wawili.

Siku ya tatu koo lilianza kumwasha. Akajichoma kidole, akajipima malaria: mstari mmoja tu, hana. Kilichobaki hakikuwa na kipimo. Sampuli zilisafirishwa mbali, za wachache tu, na majibu mara nyingine yalimkuta mtu ameshapona au ameshazikwa. Na nyumbani kwake, katika chumba kimoja, alikuwa anaishi na mama yake, Bibi Lea, mwenye pumu.

Jioni ile hakuingia ndani. Alisimama upande wa pili wa ua wa minyaa.

"Shikamoo, mama. Leo siingii."

"Marahaba. Umenuna nini? Ni ugoro?"

Ugoro ndiyo ilikuwa vita yao. Bibi Lea alianza kuunusa tangu ujana, na mwanawe kila akiuona aliumwaga, kwa sababu ya pumu ile.

"Si ugoro. Huenda nina ule ugonjwa."

"Huenda? Si wewe unayepima watu?"

"Huu hatuna cha kuupimia, mama."

"Basi utalala wapi?"

"Kwenye dungu. Asubuhi ukisikia makopo, ujue nimeamka."

Siku zikaanza kufanana. Asubuhi Evodia alivuta kamba, na nyumbani Bibi Lea, akisikia, alisonga ugali. Chakula alikiacha juu ya kichuguu, akaondoka, ndipo Evodia akashuka kukichukua. Siku ya tano kwenye dungu alimenya kitunguu na hakikuwa na harufu yoyote, kama kitunguu kilichochorwa kwenye kitabu. Alikiweka puani muda mrefu. Kisha akajilaza, na dungu likamyumbisha taratibu.

Homa ilipopanda, shamba lilipanuka likawa halina mwisho. Alimwona yule dereva akiendesha lori juu ya masuke, na hakuna suke lililoinama. Alitaka kumuuliza kama alipona, lakini lori halikuwa na mlio na yeye hakuwa na pumzi ya kuita.

Siku ya tisa makopo hayakulia.

Bibi Lea alingoja na moto ukiwaka bure. Kisha akaona ndege wakishuka shambani, kundi juu ya kundi, na hakuna aliyewafukuza. Akachukua fimbo yake akaenda.

"Evodia!"

Sauti nyembamba ilijibu kutoka juu: "Usipande, mama. Tafadhali."

"Nipande nini na magoti haya? Uko hai?"

"Niko. Mikono tu imekataa."

Bibi Lea alitazama ngazi. Aliniambia baadaye kwamba guu moja lilikuwa limeshakanyaga kipago cha kwanza. Akalirudisha chini. Akauzunguka mtama mpaka ng'ambo, mahali kamba ilipofungwa kwenye mti, akaketi, akaanza kuvuta kutoka upande ule. Ndege wakaruka. Kila alipovuta, dungu lilitikisika, na mwanawe akajua kuna mtu upande wa pili wa kamba. Walishinda hivyo siku ile na siku zilizofuata, mmoja kila upande, shamba zima katikati yao.

Homa ilishuka. Siku ya kumi na nne, karibu na bakuli la mlenda pale kwenye kichuguu, Evodia alikuta kifurushi kidogo cha karatasi. Ugoro. Alikasirika, halafu akakifungua, akakisogeza puani, na harufu kali ikampanda.

Alipiga chafya. Akapiga nyingine, na ya tatu ikamtoa machozi.

Upande wa pili wa mtama Bibi Lea alicheka mpaka akashikilia fimbo. "Kipimo chako hicho. Sasa njoo nyumbani. Na kilichobaki nirudishie."

Ugonjwa ule ulikuwa nini, hakuna aliyewahi kuuandika popote, na habari za dereva hazikurudi. Evodia alipita katikati ya mtama ulioliwa nusu, kifurushi kimefumbatwa mkononi. Bibi Lea alikuwa ameshanyoosha kiganja.

Akampa. Siku ile tu.