Prosesa Nne na Moteri ya Papa

Baba yangu, Papa, aliuza moteri, injini ya mtumbwi wake, ili mimi ninunue kompyuta yenye prosesa nne. Sikumlazimisha, ila nilimwahidi: nikimaliza kazi ile, kampuni iliyokuwa ikinijaribu itaniajiri, na yeye hatashika kasia tena. Mgongo wake ulikuwa umekwisha.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Programu iliyoendesha mashine zao iliandikwa zamani, kwa prosesa moja. Sehemu yake inayogawa kumbukumbu ilizoea kuwa peke yake jikoni. Ukiweka prosesa nne, mbili hujitwalia nafasi ileile kwa wakati mmoja, kila moja inafuta maandishi ya mwenzake, na mashine inazimika. Nilitakiwa kuzipanga foleni.

Foleni! Nani wa mji wetu wa Kalemie asiyejua foleni? Bombani kwetu mtu huacha bidoni lake, dumu la maji, kwenye mstari akaenda zake sokoni, na nafasi yake haichukuliwi. Nikaandika hivyohivyo: prosesa ishike zamu, ikiitwa kwenye kazi nyingine iende, zamu yake ibaki. Nilijiona mjanja kweli.

Mashine ikaganda. Prosesa moja ilikuwa imeacha zamu yake ikaenda kwenye kazi nyingine, na kazi hiyo nayo ilitaka kumbukumbu, ikajipanga nyuma ya zamu ileile iliyoachwa. Ikawa inajingoja yenyewe, na zile tatu zinaingoja. Nilihangaika wiki nzima kabla ya kukumbuka jambo ambalo kila mtu mtaani analijua: bidoni la aliyekwenda sokoni husogezwa na majirani, na zamu yake ikifika, mama mmoja hulijaza. Ndani ya mashine hakuna jirani.

Nilibomoa, nikaandika upya. Ikaganda kwingine. Siku za majaribio zikaisha, nikawapelekea kitu pekee kilichofanya kazi: programu yao, prosesa tatu zimezimwa. Walinijibu kwa neno moja, asante, na kazi sikuipata. Niliwachukia, nikajichukia zaidi.

Papa alinikuta bado nimeikodolea macho kompyuta.

“Hii mashini iko na vichwa ngapi?”

“Vinne, Papa.”

“Na vinatumika ngapi?”

“Kimoja.”



“Moteri yangu ilikuwa na kimoja vilevile,” alisema, “na ilikuwa inatembea.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Akajinyoosha mgongo kwa mikono miwili, akachukua kasia lake nyuma ya mlango, akatoka.