Vidonge Kando ya Mtungi

Nesi wa zahanati alimwonya Felista wa kijiji cha Issuna jambo moja tu, siku alipompa vidonge vya kifafa vya bintiye Luciana: "Mama Luciana, visikae penye joto." Basi. Felista akalishika neno hilo.

Miaka miwili Luciana hakuanguka hata mara moja. Miaka miwili, jamani! Majirani waliokuwa wakimkwepa kisimani wakaanza kumtuma chumvi, na mama yake, taratibu, akaanza kumwachia jiko.

Kisha likaja soko huria. Zahanati ikaishiwa, dawa zikahamia madukani. Felista akauza alizeti, akaenda Singida mjini kwenye duka la dawa baridi la Abdulazizi, akanunua kopo zima asihangaike tena mwaka mzima. Ndani mlikuwa na kipakiti cha punje ngumu. Akakitupa, wadogo zake Luciana wasije wakazila. Kopo akaliweka penye ubaridi kuliko pote nyumbani, kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi wa maji. Nani amlaumu? Singida hii, tunakoomba mvua mpaka sauti inakauka, nani anaogopa unyevu?

Miezi ikapita.

"Mama, siku hizi havivunjiki hata kwa jino," Luciana alilalamika.

"Ndiyo dawa hiyo, imekomaa!" Felista akacheka.

Jumapili moja, mama akiwa kanisani, Luciana alianguka akisonga ugali. Mkono wa kulia ukaingia motoni, na hapakuwa na mtu wa kuutoa.

Kule zahanati, nesi yuleyule alitumbukiza kidonge cha lile kopo kwenye kikombe cha maji. Wakangoja weee. Kidonge kimekaa vilevile, kama kokoto.

"Hata tumboni kinapita hivihivi. Unyevu umekiharibu. Kile kipakiti cha punje ndani ya kopo ndicho huunyonya. Ulikuwa unaviweka wapi?"

"Penye ubaridi, kando ya mtungi! Mlisema joto, nesi. Maji mliyataja lini?"

Hasira ikampanda Felista, halafu ikamgeukia yeye mwenyewe. Nani alikuwa akimpa mtoto vile vidonge kila asubuhi? Si yeye, kwa mkono wake, na kicheko juu?

Walipofika nyumbani alichukua mchi auvunje ule mtungi, na walikuwa nao huo mmoja tu. Luciana alikuwa amekaa mkekani, bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Mama," akasema, "naomba maji."

Felista akauweka mchi chini. Akachota kikombe, akamshika kichwa, akamnywesha.