Maji Moto Kadiri Unavyoweza Kuvumilia

Mkono wangu wa kulia ulianza kuondoka kabla mimi sijajua. Asubuhi, tukiwa ndani ya shamba la chai, ukungu umelala juu ya majani hata humuoni mwenzako aliyeshika upande ule mwingine wa mashine, nilikuwa naangalia vidole vyangu na kuona vimekuwa vyeupe kama mishumaa. Mashine ya kuchuna inanguruma, inatetemeka, na mtetemo unapanda mpaka kwenye meno. Jioni rangi ilirudi, lakini si kwa vidole vyote. Kila mwaka kulikuwa na kimoja kilichochelewa njiani.

Kabla ya mashine tulichuna kwa mkono, majani mawili na chipukizi lake, na vidole vilikuwa vinatembea vyenyewe kama kuku wanaodonoa huku mimi nikiwaza mambo yangu. Hata sasa nikisinzia baada ya chakula, mke wangu husema vidole vyangu bado vinachuna juu ya blanketi.

Majina sitaandika, lakini watu nitawataja. Wa kwanza ni nyapara wa buti za manjano. Kila tulipomwomba glavu nzito alisema zinakuja mwezi ujao. Nimezeeka nikingoja huo mwezi ujao wake. Tulipomwambia mikono inakufa ganzi, alicheka. "Wazee, mnataka mpakwe losheni pia?" Halafu zikaletwa mashine kubwa zaidi, mimi nikaachishwa kazi, na mkono nikarudi nao nyumbani, ukawa unalala kando yangu kama mgeni asiyesema ametoka wapi.

Kazi niliyobaki nayo ni kufuma. Usinicheke. Mke wangu alinifundisha zamani tukikaa kwenye nyumba za shamba, kwa sababu kwetu Kericho mvua inakuja saa nane mchana karibu kila siku, na mtu atakaa akiiangalia mpaka lini? Sindano yenye ndoano na uzi wa sufu, basi. Nilifuma vitambaa vya viti na kofia za watoto. Baadaye nikaanza shali ya kijani, mistari yake inapinda jinsi chai inavyofuata mlima. Shali hiyo ilikuwa ya mke wangu. Nilitaka kuimaliza kabla mkono haujaondoka kabisa. Hilo tu. Sikuudai mkono ule kitu kingine.

Binti yetu aliniingiza kwenye grupu la wafumaji kwenye simu. Picha yangu ilikuwa ua jeupe nililofuma, kwa hiyo wote wakaniita dada. Sikudanganya mtu. Hakuna aliyeniuliza. Mvua ikipiga mabati, simu ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na mimi nasafiri bila kutoka kitini. Sotik mtu amemaliza soksi. Sigor mwingine ameunguza ugali akihesabu mishono. Niliacha shule darasa la tano, lakini kule nilikuwa mtu wa maana. Niliulizwa mambo ya uzi.

Siku moja nikaandika kwamba vidole vimekufa ganzi. Ee, majibu yakamiminika!

"Pole dada, chemsha thabai, yale majani yanayowasha, unywe."

"Paka mafuta ya kondoo, ulale umevaa soksi mkononi."

"Dada, punguza chai."

Nipunguze chai, mtu wa Kericho!

Kisha akaingia mwenye grupu, mama wa Soin, na huyo ndiye wa pili ninayemtaja. Alikuwa na dawa ya kila kitu na sikuwahi kuona ameandika neno "labda". "Dada, chumvi ya mawe, beseni, maji moto kadiri unavyoweza kuvumilia. Nusu saa. Utanishukuru."

Mchana huo ilinyesha mvua ya mawe. Nje kulikuwa kweupe, mistari ya chai imefunikwa, na mabati yalipiga kelele mpaka kelele ikawa kama kimya. Nikaweka sufuria jikoni, nikamwaga maji kwenye beseni, nikatia chumvi, nikatia mkono. Nilivumilia. Nilivumilia vizuri sana. Nikaongeza mengine kutoka kwenye sufuria, nikavumilia tena. Mvuke ulipanda usoni na mimi nikaona ukungu wa asubuhi, nikasikia harufu ya majani yaliyovunjika, nikaona vidole vyangu chini ya maji vinachuna polepole, vyekundu, vizuri, kama vya kijana. Nikasema moyoni, vimerudi.

Mke wangu aliingia kutoka kwa ng'ombe, amejifunika gunia. Aliangalia beseni, akagusa maji kwa kidole kimoja, akapiga yowe.

"Wewe mzee! Unajipika?"

Akauvuta mkono wangu. Ngozi nyingine ilibaki ndani ya maji.

Kwenye zahanati daktari, msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu, alifunga mkono bila haraka. "Nani alikuambia ufanye hivi, baba?"

"Simu."

"Sasa mkono uliokufa ganzi si utavumilia hata jiko? Ungepima kwa kiwiko, kama maji ya mtoto."

Nimeogesha watoto watatu, na kila siku nilitia kiwiko kwanza. Kwa hiyo wa tatu ninayemtaja ni mimi.

Mkono ulipona kwa njia yake. Ngozi ilikuja nyembamba, inang'aa, na vidole viwili vikakataa kukunjika. Nikishika sindano, inaanguka. Nikiiokota, inaanguka. Shali ilikaa ndani ya mfuko wa unga, imefika nusu, na mke wangu hakuuliza. Kwenye grupu sikusema kitu. Nilisoma tu, na mama wa Soin aliendelea kutibu dunia.

Halafu mchana mmoja mama wa Sotik, yule wa soksi, akaandika kwamba ana ugonjwa wa sukari na nyayo zake hazisikii sakafu. Kabla sijafikiri, mwenye grupu alikuwa ameshajibu. Chumvi ya mawe. Beseni. Kadiri unavyoweza kuvumilia.

Kuandika kwa mkono wa kushoto kungenichukua mpaka jioni. Nikabonyeza mahali pa kurekodi sauti, nikasema: "Mama wa Sotik, usitie miguu! Tia kiwiko kwanza. Mguu wenye ganzi haukuambii kitu. Mimi nilitia mkono, nikaupika. Nenda zahanati wakuangalie."

Simu ikaanza kuwaka:

"Uuui! Huyo ni nani?"

"Dada ana sauti ya fahali!"

"Na mimi nilimtumia vipimo vya kifua changu anisaidie na sweta!"

Vikatuni vya kucheka vilijaa kama siafu. Hakuna aliyetaja maji. Mama wa Soin akaandika, "Hili ni grupu la akina mama," na hapo hapo nikatolewa.

Siku tatu nilikaa mlangoni nikiangalia mvua inakuja kutoka upande wa Sotik, nyeupe, inatembea juu ya milima, na niliona miguu ya mtu nisiyemjua ikishuka polepole ndani ya beseni. Siku ya nne simu ikalia, namba ngeni.

"Ni wewe yule dada?" Sauti ya mama mzee.

"Ndiye mimi, mama."

"Nilitia kiwiko. Niliruka nikamwaga beseni nzima, paka akakimbia." Alicheka mpaka akakohoa. "Na ile shali yako ya kijani uliyotuonyesha?"

Nikamwambia habari ya vidole viwili.

"Ulikuwa unashika sindano vipi?"

"Kama kalamu."

"Mimi vidole vyangu vilikufa zamani. Shika kama kisu cha kumenya viazi, kwa ngumi, kidole gumba juu. Labda itakubali. Ukiumia, acha."

Alisema labda. Nilisikia vizuri.

Nikaitoa shali kwenye mfuko, ikiwa na unga kidogo. Sindano ikaanguka mara mbili. Mara ya tatu ikakaa ndani ya ngumi, ikavuta uzi, mshono mmoja mkubwa, mbaya, umeinama upande. Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Alitazama, akasogeza kiti chake ili nipate mwanga wa mlangoni, akaendelea na mboga zake.