Samaki wa Mama Oliva na Pipa Moja la Maji

Bibiana wa Kitangari, ambaye sote tunamwita Mama Oliva, alifundisha chekechea miaka kumi na minane bila kitabu cha picha. Mwishowe akachora chake nyuma ya kalenda za zamani: samaki mkubwa anapanda kutoka mto Ruvuma mpaka huku kwetu juu kusiko na maji, anafungua kinywa, maji yanamwagika, watu wanapiga magoti kwa mshangao. Watoto walikishika mpaka karatasi ikachubuka, samaki akaota ukurutu.

Zikaja siku za ruksa, biashara ikawa huru, kila mwenye jenereta na deki akafungua kibanda cha video. Mama Oliva akaingia mara moja tu, akatoka amekasirika.

"Wale wa kwenye video wanatoa moto mdomoni. Samaki wangu atashindwa kutoa maji?"

Akamwita Dauda, mpiga video za harusi kutoka Masasi, aje akigeuze kitabu kuwa filamu. Nikolao seremala ndiye samaki, akashonewa gunia lenye magamba ya visoda vya chupa. Akitembea, analia njuga. Mpira wa maji ulipita mgongoni kwake mpaka kinywani mwa samaki, kutoka kwenye pipa lililopandishwa juu ya mkorosho. Pipa hilo ndilo lililokuwa na maji yote ya Mama Oliva mpaka mvua inyeshe. Kwa hiyo picha ya kinywa ingepigwa mara moja tu.

"Ndoo ziacheni nyumbani," akawaonya waigizaji, majirani zake.

Siku yenyewe, mbele ya samaki tukakuta mawe yamepangwa mstari.

"Shikamoo mama," Dauda akasema. "Wasanii wako wamejiwekea alama za kusimama! Masasi hatuna nidhamu hii."

"Marahaba, mwanangu. Nimewafundisha mwenyewe." Kazaliwa hapa hapa, anajua kuwa jiwe kwenye foleni ya maji ni mtu aliyejiwekea nafasi, lakini sifa ilishampofusha.

Mazoezi bila maji yalipendeza. Theodora, jirani yake, alilia machozi ya kweli. Kisha Dauda akawasha kamera, maji yakatoka.

Ndoo zikachomoka chini ya kanga.

"Jiwe la kwanza langu!" Theodora akafoka.

"Lako lina masizi ya jikoni, limefika sasa hivi!" Barnaba, mwigizaji mwenzake, akamsukuma.

"Pigeni magoti!" Mama Oliva akapiga kelele.

Wakapiga, wapate kukinga vizuri.

Nikolao akavua kichwa cha samaki. "Na mimi ninayetapika, jiwe langu liko wapi?"

"Mama, nizime?" Dauda akauliza.

Mama Oliva akatazama maji yake yakigawanywa. Akaingia ndani, akatoka na ndoo.

"Usizime. Wa mwisho nani?"

Watoto walipoiona kanda, wakamuuliza mbona kitabuni hakuna foleni. Akachana ukurasa wa mwisho, akachora mwingine. Samaki yupo nyuma kabisa ya foleni, ameshika ndoo.