Kumi za Bi Sawa

Shangazi yangu ni mpishi wa shule ya bweni. Wenzake jikoni wanamwita Bi Sawa, maana hajui kukataa. Mawifi walipohamia kwake na watoto wao, alisema sawa. Mwalimu mkuu alipombandika zamu ya Jumapili, sawa. Watu husema ana moyo wa dhahabu. Mimi nasema ni uvivu wa ulimi, na nimeshamwambia hivyo usoni. Akajibu sawa.

Sasa magoti yake yamekwisha. Daktari wa mifupa alikataa kumpasua mpaka apungue uzito, akampeleka kwa mshauri wa tabia, bwana mmoja wa viatu vya kung'aa aliyetundika koti lake juu ya mizani. Mizani mambo ya kizamani, alisema. Yeye anapima nia. Kila wiki alikutanisha kundi la wagonjwa wake, na zamu ya shangazi ikifika alimwekea mbele kipande cha kadibodi chenye namba.

"Mama, kutoka sifuri hadi kumi, una uhakika gani kwamba utaacha kula ovyo?"

Shangazi alimtazama kwanza usoni. "Kumi, mwanangu."

Kumi gani! Mtu anaonja masufuria yote kabla jua halijatoka, kisha anamalizia makombo ya wanafunzi kwa kuogopa kumwaga chakula! Lakini yule debe tupu alichekelea, akatangaza kwamba shangazi amebadilika, hahitaji tena kundi lake. Alipokwenda kwa daktari wa mifupa, akarudishwa bila kupasuliwa, maana uzito ulikuwa uleule.

Siku ya kuwaaga waliofaulu kundini, mshauri alialika wakubwa zake ofisini kwake, nami nikamsindikiza shangazi.

"Mama, simama uwaambie uko namba ngapi."

Shangazi alishika kiti, akajisukuma, akashindwa. Akajaribu tena. Wageni wakainamisha macho.

"Sifuri," akasema.

"Lakini si ulisema kumi!"

"Nilikuona una njaa nayo, baba, nikakupakulia. Mimi bado siwezi kujizuia, na nisipopungua sipasuliwi. Nirudishe kundini."

Mshauri aliwatupia jicho wakubwa zake, akainama kumnong'oneza, nami nikasikia. "Basi tuseme hata tano, mama."

"Hapana."

Machozi yalinitoka mbele za watu, wala sikuyafuta. Nikaliondoa lile koti juu ya mizani, nikamshika shangazi mkono, akapanda.