Fulana ya Nyota

Juzi sokoni Bariadi niliona fulana ya mtoto iliyokatwa maua kifuani, rangi ya ndani ikichungulia, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mdogo, mama, niliyemwita Mayu kwa Kisukuma, alinishonea ya namna hiyo kwa fulana mbili za mitumba, ya bluu juu, nyekundu ndani. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani. Alipomaliza kushona umbo la nyota kifuani, alishika mkasi, akaanza kuikata ile ya bluu ndani ya mshono. Nilidhani amerukwa na akili. Nikakimbia shambani kwenye pamba kumwita bibi.

"Mayu anatoboa nguo yangu ya Jumapili!"

Bibi alikuja mbio, jembe mkononi. Nyota nyekundu ilikuwa imeshatokeza. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Nishonee na mimi," alimwambia mama.

Jumapili tuliingia kanisani na nyota vifuani, ya bibi kubwa kuliko yangu.